Zamu Yako, Fundi: Ugonjwa wa Parkinson Unapofika Kwenye Akili

Wa kwanza kutambua hakuwa mkewe wala daktari. Alikuwa mwenzake wa bao. Ami yangu na rafiki yake huyo wamekuwa wakicheza baada ya swala ya alasiri kwenye baraza moja ya Langoni, hapa Lamu, tangu mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani. Siku moja yule mzee aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, ami yako hajasahau bao. Sheria anazijua zote. Lakini zamani alikuwa akiuona mtaji wa kula kete zangu kabla mimi sijamaliza kuzigawa. Sasa namwambia, 'Zamu yako, Fundi,' na jua linakuchwa hajanyanyua mkono."

Ami ni fundi wa nakshi. Milango aliyoichonga ingali imesimama Mkomani na Shela. Miaka saba kabla ya maneno yale, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu, patasi iko chini. Mombasa tukaambiwa ni ugonjwa wa Parkinson, tukapewa vidonge, tukaelezwa habari za mikono, miguu, kutembea na kuanguka. Kuhusu akili hakuna aliyetuambia neno. Ndiyo maana alipoanza kukawia kujibu, nyumbani yalizuka maneno. Mmoja alisema ni ukaidi wa uzee. Mwingine alisema anadeka. Wa tatu, kwa sauti ya chini, alisema kuna kitu kimemkalia. Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingine za pwani zinapita mle mle tulimopita sisi.

Jina lenyewe linatupotosha. Mitaani tunauita ugonjwa wa kutetemeka, na mtu akisikia hivyo hutazama mikono, hali wapo wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka kabisa, waliokakamaa na kupunguza mwendo tu. Hata James Parkinson, tabibu wa London, alitazama mikono. Mwaka 1817 alitoa kijitabu kuhusu wagonjwa 6, baadhi yao watu aliokutana nao barabarani tu. Akaeleza mtetemeko, mwili unaoinama mbele na hatua zinazokimbiliana, kisha akaandika kwamba hisi na akili hubaki salama. Simlaumu. Mtu unayemwona akipita njiani hawezi kukuonyesha jinsi anavyopanga hesabu za nyumba yake. Jean-Martin Charcot, bingwa wa Paris aliyeupa ugonjwa huo jina la Parkinson, alisema baadaye katika karne ile ile ya 19 kwamba akili nayo huguswa, lakini kauli ya kwanza ndiyo iliyoshika mizizi. Tena wagonjwa wa zama zile hawakuishi nao miaka mingi. Dawa ya levodopa ilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, watu walipata miaka ya ziada, na ndani ya miaka hiyo ndimo yalimoonekana mambo ambayo awali yalizikwa pamoja na wenyewe.

Sasa tuingie ndani. Katikati ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo inayoufanya mwili uanze tendo na kuliendesha kwa ulaini. Siku mkono unapoanza kutetemeka, karibu nusu ya seli hizo, pengine zaidi, zimekwisha kufa. Ndani ya zilizobaki mna vibonge vya protini vilivyojikunja na kugandana. Fritz Lewy, mtafiti Mjerumani, alivieleza mwaka 1912 alipochunguza bongo za wagonjwa hawa, na mpaka leo vinaitwa miili ya Lewy. Mwaka 1997 ikajulikana kuwa protini yenyewe ni alfa-sinukleini. Kila mtu anayo. Kwa wagonjwa hawa hujikunja vibaya, na iliyojikunja vibaya huonekana kuiharibu iliyo jirani yake.

Lau ingalibaki kwenye ile sehemu nyeusi peke yake, ungekuwa ugonjwa wa mwili tu. Haibaki. Huonekana kwenye mishipa ya fahamu ya utumbo, na kwenye sehemu za harufu na za usingizi, mara nyingi miaka mingi kabla ya mtetemeko. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ami alikuwa na tatizo la kufunga choo tangu zamani, kwamba hakuisikia tena harufu ya asumini, na kwamba mkewe alihama kitanda kwa sababu ya ngumi alizorusha usingizini akipigana na watu wa ndotoni. Sote tuliyachukua kuwa mambo matatu yasiyojuana. Baadaye, kwa wagonjwa wengi ingawa si wote, miili ya Lewy hupanda hadi kwenye gamba la ubongo, mahali pa kufikiri, kutazama na kupanga.

Kuna akiba nyingine inayopungua, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Sehemu ya chini ya ubongo wa mbele hutengeneza kemikali inayoitwa asetilikolini, inayomwezesha mtu kukaza akili kwenye jambo moja bila kuteleza. Kwa mgonjwa wa Parkinson aliyepata dimensia, yaani akili iliyopungua hata asiweze kujitegemea, kemikali hii huweza kupungua hata kuliko kwa mgonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Levodopa hurudisha dopamini, hairudishi asetilikolini. Kwa hiyo usishangae kumwona mtu mkono umetulia kabisa baada ya kidonge, kisha akashindwa kufuata mazungumzo ya watu watatu. Wengi wao, hasa walio wakongwe, wana pia mabadiliko ya Alzheimer ubongoni, hivyo mipaka ninayoieleza hapa kwa baadhi ya wagonjwa huchanganyika.

Tunapolisikia neno dimensia, picha inayotujia ni ya mtu aliyesahau jina la mwanawe. Hiyo ni sura ya Alzheimer, ambapo jambo jipya huwa halikuingia ghalani hata kidogo. Sura ya Parkinson mara nyingi ni nyingine: jambo limeingia, limo, kulitoa ndiko kunakoshinda. Nikimuuliza ami, "Jana alikuja nani?" hunyamaza, macho chini. Nikisema, "Alitoka Matondoni," hunitajia jina, habari aliyoleta, na kwamba hakumaliza chai yake. Hakusahau. Alihitaji kushikwa mkono mpaka mlangoni. Madaktari hulipima jambo hili kwa maneno matano: mgonjwa husomewa, baada ya dakika chache huulizwa, akikwama hudokezwa kwamba moja lilikuwa sehemu ya mwili au rangi. Dokezo likimsaidia, maana yake neno lilikuwamo.

Fikira zenyewe hupungua mwendo, kama miguu ilivyopungua mwendo. Kupanga kunakuwa kazi: kipi kitangulie, kipi kifuate, kipi kiachwe. Ndiyo maana bao lilimfichua mapema. Mchezo wenye kete 64 na mashimo 32 humtaka mchezaji azisukume kete kichwani shimo kwa shimo kabla ya kuzigusa, na huku akichunga upande wa mwenziwe. Mtu anaweza kuyajua yote hayo kwa ulimi na asiweze kuyashika kwa pamoja. Kufanya mawili kwa wakati mmoja nako huwa tabu. Ukimsemesha ami akiwa anatembea, husimama. Tuliona ni adabu. Kumbe ubongo wake hauna tena nafasi ya hatua na maneno pamoja, na akilazimishwa huanguka.

Halafu kuna kupanda na kushuka kwa hali. Saa nne asubuhi anakueleza bei ya mbao za mvule na msaji miaka thelathini nyuma. Saa nane anakaa akitazama ukuta, ukimuuliza jina la siku hujibu kitu kingine kabisa. Jioni amerudi. Hakuna dalili inayoleta ugomvi nyumbani kuliko hii, kwa sababu aliyemwona saa nne hamwamini aliyemwona saa nane. Kwetu binamu mmoja aliapa kwamba ami anajifanya. Hakuwa akijifanya. Kupanda na kushuka huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na ukiandika saa na hali kwa wiki mbili kwenye daftari, daktari hupata humo mengi asiyoweza kuyaona katika dakika kumi za kukutana na mgonjwa.

Kuna dalili moja ambayo nusura tuikose kabisa, kwa sababu ilijificha nyuma ya mtetemeko. Ami alikuwa akichora maua ya nakshi kwa bikari, petali kwa petali, mpaka duara lijae. Alipojaribu tena, petali zilisongamana upande mmoja na upande wa pili ukabaki mtupu. Tukasema ni mkono. Lakini mkono unaotetemeka huutia mstari mawimbi, hauhamishi ua zima. Kilichopungua kilikuwa uwezo wa ubongo kupima nafasi: umbali, upana, kitu kipi kiko mbele ya kipi. Baada ya hapo tukaanza kuona mengine. Alikaa ukingoni mwa kiti akidhani amekaa katikati. Kwenye vichochoro vyetu, punda akija na mzigo wa mchanga, hakujua tena asogee kiasi gani, akabaki amejibanza ukutani hata punda alipokwisha kupita. Ngazi za nyumba ya ghorofa, ambazo ndizo zilizomlea, zikawa adui.

Sasa nije kwenye maono, ambako pwani yetu inahitaji maneno ya wazi kuliko mahali pengine pote. Mgonjwa wa Parkinson anaweza kuanza kuona vitu ambavyo wengine hatuvioni. Mara nyingi huanza kwa wepesi: anahisi mtu yuko nyuma yake, au kitu kimepita pembeni mwa jicho, paka pengine. Baadaye huja watoto waliokaa kimya, au watu wazima wasiosema, au mnyama. Wengi wa wagonjwa mwanzoni hawaogopi na hujua kwamba si kweli. Wakati mwingine jicho hulikosea jambo lililopo: nguo juu ya mlango huwa mtu, michoro ya mkeka huwa wadudu. Nyumba zetu za kale zina zidaka kwenye kuta, na usiku taa ikiwa hafifu vivuli vya zile tundu hufanana na nyuso hata kwa mwenye macho mazima. Kwa ami zilikuwa nyuso kweli. Tulipoongeza taa chumbani na kuondoa vyombo vya kung'aa vilivyokuwa ndani ya zidaka, wageni wake walipungua, ingawa hawakuisha.

Chanzo ni mchanganyiko: ubongo unaosoma vibaya picha inayoletwa na jicho, usingizi wa ndoto unaovuja na kuingia mchana, upungufu wa ile asetilikolini, na wakati mwingine dawa zenyewe. Miwani iliyopitwa na wakati na mtoto wa jicho huzidisha, na haya mawili yanatibika.

Kwetu aliyeona watoto chumbani huambiwa ana majini. Sina ugomvi na kisomo. Ami akisomewa Kurani hutulia, pumzi hushuka, na sijaona dawa iliyomfanyia hivyo kwa upesi ule. Ninachokikataa ni kumfukiza mzee mwenye kifua dhaifu ndani ya chumba kilichofungwa, kumnyima vidonge vyake kwa siku saba za uganga, na kumpiga ili aliye ndani atoke. Na kuna la kutisha zaidi. Katika kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi nyuma ya shutuma pakiwa na ugomvi wa shamba, na Kaya Godoma kule Ganze imekuwa kimbilio la waliofukuzwa na jamaa zao. Mfikirie mzee ambaye uso wake umekakamaa hacheki tena, anazungumza na watu wasioonekana, anaamka usiku na kuzunguka. Kila moja ya hizo ni dalili inayojulikana hospitalini. Mtaani, zote tatu kwa pamoja, zinatosha kumpa jina litakalomuua.

Wengi hawafiki hata hatua ya kupewa jina sahihi. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Tanzania, wakatoa matokeo mwaka 2008, wengi wa waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kwamba wanao.

Je, kila mwenye Parkinson ataishia kwenye dimensia? Hapana, na hapa pana takwimu zinazogombana, kwa hiyo nizieleze taratibu. Karibu mtu 1 kati ya 4 huwa tayari na upungufu mdogo wa akili anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana Parkinson, upungufu usiomzuia kuendesha maisha yake. Dimensia huitwa dimensia pale upungufu unapomfanya ashindwe kujitegemea katika mambo aliyoyafanya mwenyewe, na si kwa sababu ya mikono. Madaktari wa Sydney waliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 20 walikuta kwamba kati ya waliokuwa hai bado, 83% walikuwa nayo. Namba hiyo imenukuliwa sana na imetisha watu wengi. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 kutokana na makundi mawili makubwa ulionyesha kasi ndogo zaidi: baada ya miaka 10, karibu 9% katika kundi moja na karibu 27% katika lile la Pennsylvania, Marekani. Kundi la kwanza lilikuwa la watu wenye elimu nyingi na afya nzuri kuliko wagonjwa wa kawaida, kwa hiyo nisingelipachika juu ya Lamu. Ninachokitoa humo ni kwamba umri ndio unaolemea zaidi. Aliyepata Parkinson akiwa na miaka 50 ana muda mrefu mbele yake akili ikiwa timamu. Aliyeupata akiwa na 75, tena ugonjwa ukianzia kwenye kutembea na kuanguka kuliko mtetemeko, na maono yakaanza mapema, yuko karibu zaidi.

Mpangilio nao una maana. Akili ikianza kuharibika kabla ya ugumu wa mwili, au ndani ya mwaka 1 wa kuanza kwake, madaktari huuita dimensia ya miili ya Lewy. Mwili ukitangulia kwa zaidi ya mwaka, huitwa dimensia ya ugonjwa wa Parkinson. Protini ni ile ile. Ni mstari uliochorwa na watu ili waelewane, na familia haina haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Neno moja kuhusu vipimo. Kipimo kinachotumika sana kina alama 30 na kilitungwa Montreal. Humo mgonjwa huambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Sasa mwambie hivyo mzee wa Lamu. Saa tano kwake ni saa tano, na yuko anayeuweka mkono mfupi penye 5 kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyosema, na yuko anayeuweka penye 11 kwa sababu ndivyo saa ya ukutani ilivyo. Mpimaji asiyeuliza kwanza ataandika kosa pasipo kosa. Vivyo hivyo kwa mama aliyehitimu chuo cha Kurani na hakukaa hata siku moja kwenye dawati la shule: kushika kalamu na kuchora mchemraba ni mambo mapya kwake, si yaliyopotea. Mwambie mpimaji mzee wako alisoma nini, alifanya kazi gani, na ni jambo gani alilokuwa akilifanya vizuri mwaka jana ambalo leo linamshinda. Kwa ami, habari za bao zilimsaidia daktari kuliko ile saa.

Sasa nalisema jambo ambalo ningependa likae na wewe hata ukisahau mengine yote. Dimensia ya Parkinson huja polepole, kwa miezi na miaka. Ikiwa juzi mzee alikujua na leo hakujui, ikiwa amechanganyikiwa ghafla, analala mchana kutwa au ametaharuki usiku kucha, hiyo si dimensia iliyozidi kwa siku mbili. Kuna kitu kingine kimeingia: maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji katika joto letu la Februari na Machi, choo kilichofunga kwa siku nyingi, kichwa kilichogonga alipoanguka, au dawa mpya. Haya mengi yanatibika, na yasipotibiwa huua. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie wazi, "Hakuwa hivi juzi." Ami alipochanganyikiwa ghafla mwaka jana, watu walikwisha kuanza kuagana naye. Ilikuwa mkojo. Baada ya wiki moja ya antibiotiki alirudi mahali alipokuwa.

Dawa ndizo ninazozihofia kuliko ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa Parkinson mwenye maono akifikishwa mahali wasipoujua ugonjwa huu, atachomwa sindano ya haloperidoli, inayojulikana kama Haldol, ili atulie. Dawa hiyo hufunga milango ile ile ya dopamini inayomsimamisha. Anaweza kukakamaa asiweze hata kumeza. Largactil ni ya ukoo huo. Plasil, ambayo hutolewa kwa kichefuchefu kama pipi, nayo hufanya hivyo, na wagonjwa hawa hutapika mara kwa mara kwa sababu ya vidonge vyao, kwa hiyo mtego uko karibu. Dawa za maono zinazovumilika kwao zipo, kama klozapini ambayo hutaka damu ipimwe kila mara, na kwetiapini kwa kiasi kidogo. Hizo ni za kuandikiwa na daktari anayejua.

Kundi la pili ni dawa zinazopunguza asetilikolini, ile ambayo tayari imepungua. Artane, inayotolewa kwa mtetemeko, imo. Kijana anaweza kuivumilia. Mzee aliyeanza kupotewa humzidishia kiza. Piriton ya mafua imo pia, na amitriptilini ya usingizi na maumivu. Andika dawa zote kwenye karatasi moja, za hospitali na za dukani, na umwonyeshe kila anayemtibu. Levodopa yenyewe huweza kuchochea maono, na daktari anaweza kupunguza kipimo baada ya kuziondoa nyingine kwanza. Usiikatize wewe mwenyewe ghafla. Mwili hukakamaa, joto hupanda, na watu wamekufa.

Ipo dawa ya kusaidia akili yenyewe, rivastigimini, iliyoanza kuuzwa kwa jina la Exelon. Huzuia asetilikolini iliyobaki isivunjwe upesi. Jaribio lililotolewa mwaka 2004 lilikuwa na wagonjwa 541. Baada ya miezi sita, karibu 20 kati ya kila 100 walioitumia walipata nafuu ya kuonekana wazi, dhidi ya karibu 15 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Na waliozorota wazi walikuwa 13 dhidi ya 23. Ni nafuu ndogo, tena huweza kuleta kichefuchefu na kuongeza mtetemeko. Naziandika namba hizo ili mtu anayepanda boti hadi Mokowe na basi la zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa ajue anafuata nini. Dawa ya kuusimamisha ugonjwa haijapatikana.

Wengi wameniuliza kuhusu upupu, ule ule unaowasha. Ni kweli mbegu zake zina levodopa, na India zimetumika kwa karne nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kumshauri mtu auchanganye na vidonge bila daktari kujua: kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na kilichozidi kwa mwenye maono ni maono zaidi.

Nyumbani tumejifunza mambo madogo. Kidonge nusu saa kabla ya samaki au maharage, kwa sababu protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Swali moja kwa wakati, kisha kunyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano kabla ya kurudia. Badala ya "Unataka kula nini?" sema "Wali au mkate?" Akiwaona watoto, usibishane naye wala usijifanye unawaona. Mkewe humwambia, "Mimi siwaoni, lakini nipo hapa," na inatosha. Kunyanyuka ni kwa hatua, kukaa kwanza kitandani, maana presha ya wagonjwa hawa huporomoka wakisimama. Ramadhani ilitupa mtihani, kwani ami aliona aibu kula. Imamu wetu ndiye aliyekuja kumsomea aya inayompa mgonjwa ruhusa, na familia ikatoa fidia, yaani kulisha maskini badala ya saumu. Kwa daktari asingekubali.

Mkewe amechoka. Nalisema kwa sababu yeye halisemi. Usiku ndio anaofanya kazi zaidi, na mchana watu humsifu kwa subira kisha wakaenda zao. Tumegawana: binti mmoja hushika usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mimi nashika habari za dawa na safari, na yeye siku hizo mbili hulala kwa dada yake Shela. Alipolala huko mara ya kwanza aliamka saa sita mchana.

Yule mwenzake wa bao tulimsomea daftari letu la saa na hali. Akalisikiliza mpaka mwisho, akasema basi alasiri hatukuwa tukimtendea haki. Sasa huja saa nne asubuhi, kidonge kikiwa kimeshafanya kazi. Hasemi tena "Zamu yako." Hugusa mti wa bao kwa kidole na kuagiza kahawa. Siku nyingine kahawa huisha na mchezo hauishi. Bao huachwa vivyo hivyo barazani na kete zake ndani, na wajukuu wameshajua wasiziguse.